Mkono wa Mheshimiwa Ndomondo

Ukiitafuta Jamhuri ya Subirini kwenye ramani hutaiona, kwa sababu mchora ramani aliambiwa angoje kibali, na mpaka leo amekaa kwenye benchi la mapokezi. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina Bunge lenye viti vya kuegemea nyuma, na ina mawaziri wengi kuliko madaktari wa meno, ingawa wananchi wanaoumwa meno ni wengi kuliko wanaomhitaji waziri.

Katika nchi hiyo aliishi Kidawa Mbaruku, mhandisi wa roboti na mwalimu wa Chuo cha Ufundi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na waliomjua juujuu walidhani anaringa. Hakuwa akiringa. Kidawa alikuwa anatunza chuki, na chuki ni kama maziwa yaliyo motoni: ukiipa kisogo kidogo tu, imemwagika. Kwa hiyo hakuwa na nafasi ya porojo.

Chuki yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja, Mheshimiwa Pazi Ndomondo, Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Viwanda na Mambo ya Kisasa. Mheshimiwa huyu alikuwa pia na kiwanda cha sabuni iitwayo Dhamiri, ambayo redio ya taifa ilikuwa ikiitangaza kila baada ya taarifa ya habari, kana kwamba habari zenyewe zinachafua.

Mdogo wake Kidawa, Sikudhani, alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukatia sabuni katika kiwanda hicho. Mashine ilikuwa na kinga ya chuma iliyozuia kisu kushuka mkono wa mtu unapokuwa karibu. Siku moja Mheshimiwa alitembelea kiwanda chake, akaona kinga inachelewesha kazi, akaamuru ing'olewe. Alisema sabuni haiogopi kisu, sembuse binadamu aliyezaliwa katika nchi huru. Wiki haikuisha, kisu kikauchukua mkono wa kulia wa Sikudhani, kuanzia kwenye kifundo, pale bangili inapokaa.

Serikali ya Subirini haipuuzi jambo. Uchunguzi uliundwa mara moja, na kwa kuwa jambo lilihusu viwanda, likapelekwa kwenye kamati ya viwanda, chini ya Mheshimiwa Ndomondo. Mwandishi mmoja wa habari, ambaye siku hizi anauza maua, alimuuliza kama hapo hapana mgongano wa maslahi. Mheshimiwa akajibu kwamba yeye na maslahi yake hawajawahi kugongana hata siku moja, wanaelewana sana.

Kamati ikaona kwamba mashine haina kosa, kwa kuwa mashine haina akili. Ikaona kwamba mwenye mashine hana kosa, kwa kuwa siku ile alikuwa bungeni amelala. Aliyebaki ni mkono. Mkono uliingia kwenye mashine bila ruhusa ya uongozi, ukasababisha sabuni ya siku nzima kutupwa. Na kwa kuwa mkono wenyewe haukupatikana ili uhojiwe, Sikudhani akatakiwa asimame uani mwa kiwanda, mbele ya wafanyakazi wenzake, aombe radhi kwa niaba yake.

Aliomba. Alisimama juani, bandeji bado mbichi, akasema maneno aliyopewa. Kidawa alikuwa langoni, maana askari walimkatalia kuingia, na kutoka pale alisikia kila neno. Mdogo wake alipomaliza, meneja alipiga makofi, na wengine wakafuata, kwani nao walikuwa na watoto wa kulisha. Kidawa hakulia. Alimchukua Sikudhani, akamrudisha nyumbani, akamwogesha kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo akaanza kuangalia maziwa yake motoni.

*

Miaka ikapita. Rais wa Subirini alialikwa kwenye mkutano wa marais wa nchi jirani, na huko akakuta kila mmoja ana sera ya roboti. Alipoulizwa sera ya nchi yake kuhusu jambo hilo, akajibu kwamba Subirini inawakaribisha watalii wa mataifa yote. Wenzake walicheka, naye akacheka pamoja nao mpaka alipoelewa. Aliporudi aliamuru sheria ya roboti itungwe upesi, kabla ya mkutano mwingine.

Kamati ya Mheshimiwa Ndomondo ikaanza kwa safari ya mafunzo. Walikwenda nchi za mbali, wakakaa sana, wakarudi na masanduku yaliyohitaji lori. Ripoti yao ilikuwa fupi na ya kweli tupu: roboti zipo, na kule ni baridi.

Ikabidi sasa wafundishwe nyumbani. Chuo cha Ufundi kikaamriwa kuandaa semina kwa ajili ya Waheshimiwa, na mtu pekee aliyekuwa akitengeneza roboti katika nchi nzima alikuwa Kidawa. Mkuu wa Chuo alimwita kwa wasiwasi, akijua yaliyompata mdogo wake, akamwambia kwamba angeelewa kama angekataa. Kidawa akasema hakatai.

Jioni alimweleza Sikudhani, ambaye alikuwa anachambua mchele kwa mkono wa kushoto, ungo ameubana kwa magoti.

"Dada, utakwenda kumfundisha yule?"

"Nitakwenda."

"Umfundishe nini? Yule hana anachotaka kujua."

"Nitampata tu," alisema Kidawa, na Sikudhani akamtazama dada yake usoni, kisha akarudi kwenye mchele wake.

*

Semina ilipangwa kuanza asubuhi, na asubuhi yote ikatumika kutambuana. Spika alimtambua Waziri, Waziri akamtambua Naibu wake, Naibu akawatambua waliotambuliwa. Redio ya taifa ilikuwa inarusha kila kitu moja kwa moja. Chai ikaja na maandazi, Waheshimiwa wakaiendea kwa umoja ambao hauonekani sana wakati wa kupitisha bajeti ya hospitali, na ndipo hatimaye Kidawa akapewa nafasi.

Alifundisha vizuri. Chuki haikumfanya afundishe ovyo. Aliwaonyesha roboti ndogo yenye magurudumu ambayo huingia kwenye mgodi ulioporomoka na kuwatafuta walio hai, mahali ambapo mwokoaji hawezi kupenya. Akawaonyesha nyingine inayopeleka dawa kwa wagonjwa wa kuambukiza ili muuguzi asiugue. Akaeleza kwamba kazi ya sheria ni kujibu swali moja kubwa: mashine ikimdhuru mtu, nani atawajibika? Alilisema hilo polepole, akimtazama Mheshimiwa Ndomondo, ambaye alikuwa kwenye kiti cha mbele anachokonoa meno. Hakumkumbuka. Kidawa aliwahi kuandika malalamiko kwake, aliwahi kumsubiri nje ya ofisi, aliwahi kusimama mbele ya gari lake. Lakini uso wake ulikuwa umempita Mheshimiwa kama upepo.

Waheshimiwa wakauliza maswali. Mmoja alitaka kujua roboti ni ya kabila gani, ili asije akashangaa baadaye. Mwingine aliuliza kama inaweza kupiga kura, na alipoambiwa haiwezi, akauliza kama inaweza kufundishwa. Mbunge wa Viti vya Kudumu alitaka uhakika kwamba roboti haitagombea jimboni kwake, kwa sababu kitu kisichokula wala kulala kinaweza kweli kuwatembelea wananchi. Swali hilo lilizusha hofu, ikabidi Spika aahirishe shughuli kidogo ili watu wanywe maji.

Waliporudi, Kidawa alifunua kitambaa kilichokuwa mezani. Chini yake palikuwa na mkono wa chuma uliosimamishwa juu ya nguzo fupi, wenye vidole vitano na kifundo kinachozunguka. Alieleza kwamba ni mkono wa kusaidia viwandani, unaweza kushika yai bila kulivunja na unaweza kupinda nondo.

"Unaweza kusalimia?" aliuliza Spika.

"Unaweza, Mheshimiwa Spika. Ila ni vema asalimiwe mwenye kamati."

Mheshimiwa Ndomondo alisimama. Alifunga kifungo cha koti, akatoa hotuba fupi kuhusu urafiki wa mwanadamu na chuma, akawageukia wapiga picha, akaupa ule mkono mkono wake wa kulia. Vidole vya chuma vikajifunga taratibu. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akatabasamu, akautikisa mkono, akautikisa tena, kisha akataka kuuchukua wa kwake. Haukutoka.

Kidawa alikuwa amesimama pembeni na kidhibiti kiganjani, kidole gumba juu ya kitufe. Hapo ndipo alipokuwa amejiona kila usiku kwa miaka. Angebonyeza kidogo tu. Mkono ule ungefanya kilichobaki bila chuki na bila huruma, kama kisu cha sabuni. Alihisi kidole chake kinazama kwenye kitufe kwa unene wa ukucha, na vile vidole vya chuma vikakaza, na Mheshimiwa akaacha kutabasamu.

"Mhandisi," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie aniachie."

"Huwa hausikii, Mheshimiwa. Hauna akili."

"Basi wewe."

"Kwanza tumalizie somo," alisema Kidawa, na akamsogezea kipaza sauti cha redio. "Mashine hii ikiuvunja mkono wako sasa hivi, kosa litakuwa la nani?"

"La mwenye mashine."

"Hata kama mwenye mashine hayupo hapa?"

"Hata kama yuko mwezini!" Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. "Aliyeiweka hapa bila kinga ndiye mwenye kosa. Ashitakiwe. Afungwe."

"Na mkono wako je? Si umeuingiza mwenyewe?"

"Mkono wangu una kosa gani?" Mheshimiwa alisema, na sasa alikuwa karibu kulia. "Mkono una kosa gani, mama?"

Nchi nzima ilikuwa inasikiliza, vinyozi wameacha mikasi hewani. Kidawa alimtazama mtu yule, mafuta ya shingo yake, macho yake yaliyotoka. Alitaka sana kubonyeza. Kisha akafikiri kwamba mkono ukivunjika utafungwa plasta, na mwenye plasta atahurumiwa, na atapewa nishani. Akaachia kitufe. Vidole vya chuma vikafunguka, na Waheshimiwa wote wakasimama wakashangilia kwa nguvu, wakiamini kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya mwisho ya ratiba.

*

Mheshimiwa Ndomondo alipelekwa hospitali, akatazamwa mkono mbele na nyuma, daktari akasema ni mzima kabisa. Jambo hili lilimuudhi kuliko maumivu. Siku hiyohiyo aliapa kwamba yule mhandisi ataozea jela, na kwa kuwa Subirini ni nchi ya sheria, akaanza kuitunga.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kwamba kosa lilitangulia sheria. Wanasheria wa Bunge wakashauri kwamba sheria irudi nyuma. Mheshimiwa akauliza irudi mpaka wapi. Wakasema ikirudi mpaka siku ya semina tu, watu watasema inamlenga mtu mmoja. Afadhali irudi mbali, iwe na sura ya kitaifa. Basi ikaandikwa kwamba itahusu matukio yote tangu Subirini ilipopata umeme.

Ugumu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Ripoti ya safari ya mafunzo ilisema roboti ina kichwa na miguu, na kile kilichomshika Mheshimiwa kilikuwa mkono mtupu. Hakuna aliyejua roboti ni nini hasa. Katibu wa Kamati, Bwana Mwinjuma Kisebengo, mtu mpole aliyezeeka kwa kupiga muhuri karatasi asizozisoma, akatumwa atafute tafsiri. Aliuliza wizarani, akaambiwa aulize Chuo. Aliuliza Chuo, akaambiwa anayejua ni mmoja. Ikambidi ampigie simu Kidawa.

Alianza kwa salamu ndefu, akauliza afya, akauliza familia. Kisha akasema kwa haya kwamba Kamati inaomba msaada wake wa kitaalamu katika kueleza roboti ni kitu gani, kwa sababu inataka kumshitaki yeye mwenyewe.

Kidawa alivuta kiti, akakaa.

"Andika, kaka," alisema Kidawa. "Roboti ni kitu chochote kinachotumia umeme kufanya kazi ambayo mtu angeifanya kwa mkono wake."

Bwana Kisebengo akaandika, akamsomea, akashukuru sana. Akauliza kama kuna la kuongeza. Kidawa akasema liongezwe kwamba mwenye roboti ni yule anayepata faida yake, popote alipo, awe macho au amelala. Katibu akasema hilo Mheshimiwa atalipenda. Na kweli Mheshimiwa alilipenda. Akaongeza adhabu kwa mkono wake mwenyewe: mwenye roboti iliyomjeruhi mtu atafungwa, na muda wote wa kifungo chake ataifanya kazi ya roboti hiyo kwa mikono yake, bila msaada wa mashine ya aina yoyote. Alikuwa anamwona Kidawa akipinda nondo.

Muswada uliletwa bungeni kabla ya chakula cha mchana, saa ambayo miswada ya Subirini hupita kwa kasi. Hakuna aliyeusoma. Walioafiki walisema ndiyo, na wasioafiki nao walikuwa na njaa.

*

Kidawa alikuwa wa kwanza kushitakiwa. Hakimu aliyepangiwa kesi hiyo aliwahi kupelekwa kituo cha mbali, mahali ambapo washitakiwa walikuwa fisi na mashahidi walikuwa mbuzi, kwa kosa la kuchelewa kusimama Mheshimiwa Ndomondo alipoingia harusini. Alikuwa amerudi karibuni, ngozi imemchubuka kwa jua. Aliisoma sheria mpya kwa utulivu mkubwa, akairudia, na waliokuwa karibu wanasema alilamba midomo.

Akamtaka Mheshimiwa aonyeshe jeraha. Mheshimiwa akanyoosha mkono. Hakimu akauona mnene, laini, na mzima. Akasema sheria inataka jeraha, na heshima haina mfupa wa kuvunjika, akamwachia huru Kidawa. Mheshimiwa alinyanyuka kuondoka huku akiahidi rufaa.

"Usiende mbali, Mheshimiwa," alisema Hakimu. "Kesi inayofuata ni yako."

Mlango wa nyuma ukafunguka, wakaingia wafanyakazi wa Dhamiri, wa sasa na wa zamani. Wengine walikosa kidole, wengine viwili. Mbele yao alikuwa Sikudhani, amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa kujifunza upya. Kidawa alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba, na wengi walikataa kabla ya kukubali, kwa kuwa woga wa Subirini hunyonywa pamoja na maziwa ya mama.

Wakili wa Mheshimiwa alisema mashine ya kukatia sabuni si roboti. Hakimu akamsomea tafsiri. Wakili akasema mteja wake hakuwepo kiwandani. Hakimu akamsomea yanayofuata. Wakili akasema mambo hayo ni ya zamani, na Hakimu akamuuliza kama anajua Subirini ilipata umeme lini. Wakili akakaa. Mheshimiwa akasimama mwenyewe, akaanza hotuba, akasema kwamba hakuna mwenye busara anayeweza kumlaumu mwenye mashine kwa uzembe wa mkono wa mtu.

Sikudhani aliomba ruhusa ya kusema. Hakupaza sauti.

"Nilikusikia redioni," alimwambia. "Uliuliza mkono wako una kosa gani. Nilikuwa jikoni, nikakaa chini. Mimi sikupewa nafasi ya kuuliza hivyo."

Kisha akauweka mkono uliokatika juu ya ukingo wa kizimba ili kila mtu auone, na akauacha pale mpaka Hakimu alipomaliza kusoma hukumu.

*

Mtu angedhani Bunge lingemtetea mwenzao. Lilikutana haraka kweli, siku ya mapumziko, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata wakati wa njaa. Lakini kila Mheshimiwa alikuwa na kinu, au karakana, au mashine ya kufyatulia matofali iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, na kila mmoja alikumbuka mtu fulani aliyewahi kuchechemea kutoka langoni mwake. Wakaifuta sheria yote kwa sauti moja. Mbunge wa Viti vya Kudumu akashauri iongezwe kwamba ufutaji huo haumhusu aliyekwisha hukumiwa, ili kuheshimu uhuru wa mahakama, na pia kwa sababu uenyekiti wa kamati sasa ulikuwa wazi. Likapita kwa kishindo.

Kwa hiyo sheria ya roboti ya Subirini iliishi maisha ya nzi, na katika maisha hayo ilimuuma mtu mmoja tu. Kidawa alilipokea hilo bila furaha wala mshangao. Sikudhani alimuuliza kama sasa ameridhika, wapumzike. Kidawa akasema bado kidogo.

Akaenda kiwandani asubuhi moja, na safari hii askari wa langoni walimfungulia wenyewe. Mheshimiwa Ndomondo alikuwa kwenye chumba cha kukatia, amevaa nguo za wafungwa, mlinzi amekaa mlangoni. Mbele yake palikuwa na magogo ya sabuni mabichi yaliyopangwa mpaka dari, na mkononi alikuwa na waya wa kukatia uliofungwa vijiti viwili. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka, na magadi yalikuwa yameingia ndani. Alikata kipande, akakitazama, kikawa kimepinda. Mlinzi akakirudisha kikayeyushwe upya.

Kidawa alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga kwa miaka, mengine makali mno. Alipomwona akayaweka kando, akasimama akitazama jinsi anavyopuliza viganja vyake. Ilikuwa tamu. Sisi tunaosimulia tungependa kusema kwamba alijuta, maana hadithi hupendeza mtu akijuta, lakini hakujuta hata kidogo.

Mheshimiwa aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akamtambua. Akatazama mlinzi, akasogea karibu na ukuta wa nondo uliowatenga, akanong'ona kwa sauti ile ya unyenyekevu ambayo wapiga kura wake huisikia mara moja kila baada ya miaka mitano.

"Mhandisi, wewe ni mtaalamu. Hii kazi si ya binadamu. Huwezi kutengeneza roboti ya kuifanya?"

Kidawa aliyatazama magogo, akautazama waya, akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama afanyavyo kila anapoulizwa jambo la kazi yake.

"Naweza," alisema. "Wala si ngumu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeimaliza upesi."

Mheshimiwa akangoja aendelee. Kidawa akamtakia kazi njema, akaondoka.